Seva ya zamani, diski ya tatu yapepesa chungwa: nichomoe ikiwaka au nizime kwanza?

#1 mwana_shimanzi
Salaam wakuu. Nina HP ProLiant DL380 G6, kontrola (kadi inayoziongoza diski) P410i, diski nne za SAS, aina ya seva, za 300 GB, mizunguko 10,000 kwa dakika, RAID 5 (moja ikifa, zilizobaki hukokotoa data yake), nafasi ya 1 mpaka ya 4. Mfumo ni CentOS 6 na PostgreSQL 8.4. Ofisi ni ya klia na fowadi: ankara zote na hati zote za forodha zimo humo, na mchana watu kumi na wanane wako ndani yake. Seva ni ya 2010, diski zilibadilishwa zote kwa mpigo mmoja 2013.

Tangu Jumatatu nafasi ya 3 yapepesa taa ya chungwa. hpacucli, zana ya kuisoma kontrola, yasema:

`physicaldrive 1I:1:3 (port 1I:box 1:bay 3, SAS, 300 GB, Predictive Failure)`

Yaani onyo kwamba yaelekea kufa. Tatu nyingine OK, na array yenyewe (kundi zima la diski) OK, 838 GB. Bakapu ya mwisho ina wiki tano. Diski ya mtumba, namba 507127-B21, imeshuka na basi la Nairobi leo alfajiri. Nichomoe ya 3 seva ikiwaka, au nizime usiku ndipo nibadilishe?

#2 FundiTudor
Taa achana nayo kwanza, habari ni hizo wiki tano. Usichomoe, usizime. Toa data nje sasa hivi, diski zote nne zikiwa bado zajibu:

`pg_dumpall -g > majukumu.sql`
`ionice -c3 pg_dump -Fc hifadhidata > /mnt/nje/leo.dump`

Ya kwanza ni ya watumiaji na nywila zao, maana pg_dump peke yake haiwachukui. ionice itafanya usomaji usubiri mpaka watu watulie. CentOS 6 hutumia CFQ, mpangaji wa foleni ya diski, kwa hiyo inatii. Na usiandike dump (nakala hiyo) ndani ya array hiyo hiyo, tafadhali.

#3 kijana_wa_bandari
Mwaga smartctl (ripoti ya afya ya diski) hapa tuone namba 5, 197 na 198, za sekta mbovu. Bila hizo twapiga ramli.

#4 bi_seva
@kijana_wa_bandari hizo ni namba za SATA. SAS haina 197 wala 198, na ukiita smartctl moja kwa moja kwenye /dev/sda utaambiwa habari za kontrola tu. Pitia ndani ya P410i:

`smartctl -a -d cciss,2 /dev/sda`

Hesabu huanza sifuri, kwa hiyo nafasi ya 3 kwa kawaida ni cciss,2. Hakikisha kwa kulinganisha namba ya mfululizo (serial) ya diski na ile ya hpacucli. Angalia mistari mitatu: "Elements in grown defect list", safu ya mwisho ya makosa ya kusoma, "total uncorrected errors", na saa za kuwaka. Fanya kwa 0, 1, 2 na 3. Zote nne, si hiyo ya chungwa peke yake.

@FundiTudor halafu ionice yako yamfunga asiye na hatia. pg_dump ni tarishi tu, anayesoma diski ni mchakato wa postgres upande wa seva. Anzisha dump, tafuta namba yake kwenye pg_stat_activity (kwa 8.4 safu yaitwa procpid, jina la pid lilikuja na 9.2), kisha `ionice -c2 -n7 -p` namba hiyo. Nami sitii -c3 hapo: mchakato ukilazwa kabisa huku umeshika kufuli la ndani, wengine wote watangoja nyuma yake.

#5 FundiTudor
Nimekubali, bibie. Nimeandika kwa haraka.

#6 mwana_shimanzi
Haya ndiyo niliyopata:

cciss,0: defect 3, uncorrected 0
cciss,1: defect 41, uncorrected 2
cciss,2: defect 1187, uncorrected 96, na mstari wa "FAILURE PREDICTION THRESHOLD EXCEEDED"
cciss,3: defect 0, uncorrected 0

Saa za kuwaka zote ziko kwenye 96,417, zinatofautiana kwa dakika tu.

#7 Nahodha_Makupa
Umeona ya nafasi ya 2? Kontrola yasema OK lakini imeshashindwa kusoma mara mbili. Hilo ndilo la kuogopa kuliko lile la chungwa.

RAID 5 ukichomoa diski ya 3, kila kipande chake lazima kihesabiwe upya kutoka 1, 2 na 4. Zisome zote tatu, mwanzo hadi mwisho, bila kukosa. Ikifika sekta ambayo 2 haiwezi kuisoma, hakuna pengine pa kuitoa, na ujenzi wasimama hapo hapo. Diski ya 3 kama ilivyo, na ugonjwa wake wote, bado yampa mwenzake namba za kumalizia hesabu. Ukiitoa leo umemnyang'anya 2 fimbo.

#8 MtuWaBara
RAID 5 ilikufa kitambo. Kiwango cha kosa ni biti moja katika 10^14, yaani kila TB 12.5 lazima ukose moja. Ujenzi wa RAID 5 ni kamari, kila mtu ajua hivyo.

#9 bi_seva
Kila mtu asoma makala ile ile. 10^14 ni diski za SATA za mezani. SAS za 10,000 zimeandikiwa 10^16. Ujenzi huu unasoma diski tatu za GB 300, GB 900, ambazo ni biti 7.2 × 10^12. Kwa karatasi ya 10^16 hatari ni kama asilimia 0.07. Hata kwa 10^14 ni kama asilimia 7. Na hiyo "lazima" haipo: ni kikomo anachoahidi mtengenezaji, diski nzima nyingi husoma mbali zaidi ya hapo bila kukosa.

#10 Nahodha_Makupa
Hesabu ni sawa, ila karatasi haijui kwamba diski ina saa 96,000 na cciss,1 imeshakosa mara mbili. Kwa huyu asilimia yaanzia mahali pengine kabisa.

#11 kijana_wa_bandari
Basi ddrescue, zana ya kunakili diski mbovu. Mzunguko wa kwanza `-n` apite penye uzima haraka, wa pili `-d -r3` arudi kukwangua penye uharibifu, na faili ya ramani ihifadhiwe pembeni ili ukikatizwa na stima uendelee ulipoachia. Nakili 2 na 3 kwenye diski mpya, rudisha nakala, kwisha.

#12 Nahodha_Makupa
Nakili wapi, kwa mlango gani? P410i haikuonyeshi diski mojamoja, haina hali ya kupitisha. Kwa hilo wahitaji mashine nyingine yenye kadi kama LSI 9211-8i iliyowekwa fimuwea (programu ya ndani ya kifaa) ya IT, inayoonyesha diski mojamoja, na waya wa SFF-8087 kwenda SFF-8482 wenye plagi ya umeme pembeni. Na seva iwe imezimwa muda wote huo. Ni njia nzuri ikiwa array imeshaanguka, haijaanguka.

Jambo moja zuri la Smart Array: habari za array zimeandikwa kwenye diski zenyewe. Ubao ukifa leo, hizo nne waweza kuzihamishia DL380 G7 na array ikaonekana. Vibebeo vya G5 mpaka G7 ni vilevile kwa diski za inchi 2.5, Gen8 ndiyo vilibadilika.

#13 mzee_wa_kizingo
Mimi nasema azime. Diski yenye joto la miaka kumi na moja, iache ipoe usiku kucha, asubuhi itasoma vizuri kuliko sasa.

#14 FundiTudor
Mzee wangu, kwa heshima, hapo hapana. Diski iliyozunguka saa 96,000 bila kupumzika ikizimwa yaweza kukataa kuamka. Vichwa vyashika sahani, mota haina nguvu ya kuvibandua, unasikia tik tik tik halafu kimya.

#15 bi_seva
Kubandika kwa vichwa ni kwa diski zinazotua juu ya sahani. Zinazopandisha vichwa kwenye ngazi ya pembeni hazibandiki hivyo; zao ni beringi za mota, grisi kuukuu, na vifaa vya umeme vya ubao vinavyostahimili joto la kazi lakini si kupoa na kuchemka tena. Sababu zatofautiana. Usizime.

#16 mzee_wa_kizingo
Haya, kama hamtaki ipoe usiku basi itieni kwenye friza saa mbili. Zamani tulifanya.

#17 kijana_wa_bandari
Friza ni ya changu na tafi, mzee 😂

#18 Nahodha_Makupa
Na hapa Mombasa ndipo pabaya zaidi. Unaitoa friza, unyevu wa hewa wajiganda juu yake papo hapo kama gilasi ya madafu baridi. Diski ya hewa ina tundu la kupumulia lenye kichujio. Mvuke waingia, watoneshea sahani, kichwa kinachoruka chini ya mikroni moja chakutana na tone la maji. Kwaheri.

#19 joto_la_kaskazi
Mbona hamuulizi kilichoiua? Bila sababu atabadilisha diski kila mwaka. Mimi nasema joto. Mashine hii imeandikiwa hewa ya kuingia nyuzi 10 mpaka 35. Mwezi wa pili na wa tatu, kaskazi ikipiga, nje kivulini ni 32 au 33. Sasa iweke kabatini chini ya ngazi, kiyoyozi kizimwe Ijumaa jioni mpaka Jumatatu ili kubana bili. @mwana_shimanzi toa `ipmitool sdr type Temperature` Jumapili mchana, si Jumanne asubuhi.

#20 bi_seva
Utafiti wa Google wa 2007 kwenye diski zao nyingi ulikuta joto lahusiana na kufa kwa diski kidogo kuliko tulivyozoea kuamini; ni kwenye joto kali sana, na kwa diski zilizopita miaka mitatu, ndipo uhusiano ulipoonekana. Utafiti huo huo: zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuonyesha alama yoyote kwenye vipimo vinne vikuu vya SMART, mfumo wa diski kujipima afya. Kwa hiyo zile mbili zako zenye sifuri, usizitegemee sana.

#21 joto_la_kaskazi
Hizo zake zimepita miaka mitatu mara tatu na zaidi. Umenisaidia.

#22 chumvi_tupu
Mimi nitataja chumvi. Ofisi za karibu na maji, dirisha wazi usiku, miguso ya soketi za diski yapata ukungu wa kijani. Kwenye smartctl ya SAS kuna mstari "Non-medium error count". Ukiwa mkubwa huku makosa ya kusoma ni machache, shida yaweza kuwa njia, si sahani. Safisha miguso kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Ile spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji, usiitumie kabisa.

#23 mwana_shimanzi
Non-medium: 11, 9, 14, 10. Zalingana.

#24 chumvi_tupu
Basi kwako si chumvi. Bado dirisha lifunge.

#25 Nahodha_Makupa
Mimi naenda kwa stima. Kila ikikatika na jenereta kushika, kuna sekunde kadhaa UPS ya bei nafuu yampa mtu umeme wa kuruka. Hebu toa:

`hpacucli ctrl slot=0 show status`
`hpacucli ctrl slot=0 show detail`

Nitazamie hali ya betri ya akiba (kumbukumbu ya kontrola inayoshika maandishi kabla ya kufika diski) na mstari wa "No-Battery Write Cache".

#26 mwana_shimanzi
Battery/Capacitor Status: Failed. No-Battery Write Cache: Enabled. Hiyo ya pili sikuiweka mimi, nimeikuta.

#27 Nahodha_Makupa
Naam. Betri ilikufa, seva ikawa nzito kwa sababu kontrola huacha kuweka maandishi kwenye akiba ikikosa betri, fundi aliyekutangulia akaona atibu uzito kwa kuilazimisha akiba iandike bila betri. Seva ikapata mbio, na kila stima ikikatika yale yaliyokuwa kwenye akiba yakapotea ingawa PostgreSQL ilikuwa imeshaambiwa yameandikwa.

Hiyo zima leo: `hpacucli ctrl slot=0 modify nbwc=disable`. Watu watalalamika mfumo umekuwa mzito. Waache walalamike.

#28 MtuWaBara
Lakini hilo haliharibu sekta za diski. Laharibu yaliyomo.

#29 Nahodha_Makupa
Kweli kabisa, sijasema limeua diski. Nasema dump yake atakayotoa aipime kabla ya kuiamini.

#30 mwana_shimanzi
Dump nataka kuitolea mashine nyingine ya ofisini kupitia mtandao. Ya Ubuntu 24.04, pg_dump ya 16. Yakataa: toleo la seva ni la zamani mno.

#31 bi_seva
Kuanzia toleo la 15 pg_dump haizungumzi na chochote chini ya 9.2. La 14 lasoma tangu 8.0. Weka Ubuntu 22.04 kwenye mashine ya pembeni, hiyo huja na 14. Na ssh ikikugomea kufika CentOS 6, ni sahihi za SHA-1 zilizozimwa tangu OpenSSH 8.8; ongeza `-o HostKeyAlgorithms=+ssh-rsa -o PubkeyAcceptedAlgorithms=+ssh-rsa` kwa safari hiyo tu, usiiandike kwenye usanidi wa kudumu.

Tumia waya wa mtandao, si USB. G6 ina USB 2.0, utapata kama MB 30 kwa sekunde. Gigabiti yakupa zaidi ya 100.

#32 pweza_mkavu
838 GB? Diski tatu za 300 si 900? Hizo 62 nani kazila 😀

#33 bi_seva
Kiwanda chahesabu kwa elfu, hpacucli yahesabu kwa 1024. Hakuna aliyekula.

#34 mwana_shimanzi
Nimerudi. Dump imetoka salama, GB 58 zimekuwa 9. Nikairudisha kwenye 14 kujaribu, ikagota kwenye jedwali moja:

`could not create unique index "ankara_pkey"`
`DETAIL: Key (namba)=(204417) is duplicated.`

Kwenye seva ya zamani nikiuliza ankara 204417 napata moja tu!

#35 bi_seva
Wapata moja kwa sababu unaiuliza fahirisi (orodha ya kutafutia rekodi), na fahirisi imeharibika. Mlazimishe asome jedwali lenyewe:

`SET enable_indexscan = off;`
`SET enable_bitmapscan = off;`
`SELECT ctid, * FROM ankara WHERE namba = 204417;`

Zitatoka mbili, kila moja na ctid yake (anwani ya mahali ilipo ndani ya jedwali). Moja ni sura ya zamani ya rekodi ambayo ilipaswa kufa ilipobadilishwa. Mhasibu aangalie karatasi aseme ipi ya kweli, usiamue wewe. Halafu `DELETE ... WHERE ctid = '(…)'` ya ile nyingine. Kisha tafuta nyingine kwa GROUP BY namba HAVING count(*) > 1, fahirisi zikiwa bado zimezimwa. Ukimaliza, REINDEX.

#36 FundiTudor
Ndiyo maana ya bakapu kurudishwa, si kuhesabiwa. Zile za wiki tano zina kosa hilo hilo, naweka shilingi zangu.

#37 Nahodha_Makupa
Na ndiyo nbwc hiyo. Rekodi mbili za ankara moja ni akiba iliyopotea njiani.

#38 MtuWaBara
Au ni kosa la PostgreSQL 8.4 yenyewe, iliyoacha kupokea marekebisho 2014. Au kumbukumbu mbovu. Umetoa hukumu bila shahidi, nahodha.

#39 Nahodha_Makupa
Kumbukumbu ya G6 ni ya ECC, hujisahihisha makosa madogo. Lakini sawa, sikushika mkono wa mtu.

#40 mwana_shimanzi
Zilikuwa saba jumla. Mhasibu kazimaliza. Dump mpya imerudi bila kosa. Sasa diski, nafanyaje hasa?

#41 Nahodha_Makupa
Ijumaa saa mbili usiku, watu wametoka, simamisha PostgreSQL. Lengo la kwanza ni kuitibu nafasi ya 2 ukiwa bado na nafasi ya 3 ya kumsaidia. Soma array nzima: `dd if=/dev/sda of=/dev/null bs=1M`. Kila sekta ya 2 isiyosomeka, kontrola itaihesabu kutoka kwa wengine na kuiandika upya mahali pazuri. Hesabu saa moja na nusu mpaka mbili.

Hiyo pekee haitoshi. dd yasoma data, haigusi pariti (hesabu za kurudishia data iliyopotea), na kwa diski nne robo ya kila diski ni pariti. Hiyo huguswa na ukaguzi wa uso wa kontrola, ambao huendelea tu mashine ikiwa imetulia. Seva yenye watu kumi na wanane mchana na kazi za cron (zinazojianzisha kwa ratiba) usiku yaweza kukaa miezi haijaumaliza. Zima cron, iache mpaka Jumamosi mchana bila mtu. Diski mpya iweke nafasi ya 5 bila kuipa kazi, ipashe moto na uipime: `smartctl -t long -d cciss,4 /dev/sda`.

Jumamosi angalia cciss,1 tena. Ikiwa uncorrected imesimama, endelea. Ikiwa yapanda, simama uje hapa.

Kuchomoa: washa taa ya buluu kwanza, `hpacucli ctrl slot=0 pd 1I:1:3 modify led=on`. Watu wamechomoa jirani, hadithi ikaisha. Weka `rebuildpriority=high`. Vuta 3 sentimita mbili tatu tu, itoke kwenye miguso, ngoja nusu dakika sahani zisimame, ndipo uitoe. Ingiza mpya kwa kusukuma mara moja mpaka kishikio kilie. Seva yawaka muda wote.

Usipanue array, usibadilishe kuwa RAID 6 njiani. RAID 6 kwa P410i yataka leseni ya nyongeza, na kuhama kwenyewe kwaandika upya kila kitu juu ya diski zilizochoka. Na seva ikijiwasha upya na kukuuliza F1 au F2, usiguse F2 kabla ya kusoma kila neno: hiyo ndiyo ya kukubali data ipotee.

#42 FundiTudor
Naongeza: spea iwe SAS, GB 300 au zaidi. SATA yaingia kwenye soketi ya SAS lakini haichanganyiki na SAS ndani ya array moja. Na ukinunua za mtumba zilizotoka kwenye makabati makubwa ya hifadhi, nyingi zina sekta za baiti 520; kontrola yako itazikataa mpaka uzifomati kwa `sg_format --format --size=512` kupitia kadi ya kawaida, na hilo huchukua masaa.

#43 kijana_wa_bandari
Mbona asiweke SSD tu akapumzika?

#44 bi_seva
P410i huendesha SATA kwa gigabiti 3 na haipitishi TRIM (amri ya kuiambia SSD sehemu zisizotumika tena). Yafanya kazi, ila usinunue ya ghali. Na SSD si dawa ya kulala: 2019 HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za SAS zingekufa zikifika saa 32,768 kamili kama fimuwea haikubadilishwa. Miaka mitatu, siku 270 na saa nane. Zikiwa zilianza kazi siku moja kwenye array moja, zafa pamoja.

#45 mjusi_kafiri
Mmesahau sababu ya kweli ya pwani. Fungueni kabati la umeme la nyuma. Mjusi huingia kwenye pawa saplai kutafuta joto, hugusa pande mbili, huondoka na fyuzi. Voliti zayumba, diski ndiyo ya kwanza kulia.

#46 kijana_wa_bandari
Jina lako na ushahidi wako vimetoka nyumba moja.

#47 mwana_shimanzi
Nimefungua. Mjusi hayuko, ila kuna mayai mawili juu ya kabati.

#48 mjusi_kafiri
Nilisema.

#49 mwana_shimanzi
Jumamosi saa tisa mchana. Ukaguzi umekwisha. cciss,1: defect 44, uncorrected bado 2. Diski ya mtumba: saa 61,208, defect 14, kipimo kirefu kimepita. Joto la kuingia nyuzi 34 kiyoyozi kikiwa kimezimwa.

#50 joto_la_kaskazi
34! Na ni mwezi wa saba, kusi yavuma.

#51 FundiTudor
Hiyo tunayoiita "mpya" ina miaka saba. Lakini ni nzima kuliko aliyemo. Endelea.

#52 mwana_shimanzi
Taa ya buluu, nimevuta, nimengoja, nimeingiza. Ujenzi umeanza saa kumi. Sasa 64%.

#53 Nahodha_Makupa
Usikae karibu nayo. Usipige hata `ls`.

#54 mwana_shimanzi
100%. Array OK. Nafasi ya 3 kijani.

Nafasi ya 2 imeanza kupepesa chungwa.

#55 bi_seva
Nayo ilisoma kila kitu mpaka mwisho. Usiichomoe bado. Dump nyingine kwanza, sasa hivi.

#56 FundiTudor
Basi la usiku la Nairobi lashuka saa ngapi?